Nani anawauzia wanawake wa Soga baiskeli?

Ukitaka kujua baiskeli ni ya nani katika vijiji vya Mkoa wa Pwani, angalia imebeba nini. Maji ya kupikia na kufulia hupanda kichwani, na kichwa hicho ni cha mama au binti yake. Maji hayohayo yakishakuwa ya kuuza kwa dumu, yanahamia kwenye keria, na anayekanyaga pedeli ni mwanamume. Kuni za jikoni hutoka porini kichwani. Mkaa wa kupeleka Dar es Salaam, ule uliokwangua msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini ulioko kati ya Kibaha na Kisarawe, kwa miaka mingi umesafiri kwa baiskeli, magunia yamekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Watu husema ni mila. Mimi naona ni hesabu: chombo hununuliwa pale mzigo unapoleta fedha, na mzigo usiolipwa huachiwa shingo ya mtu.

Ndiyo maana mwanamke anayepanda baiskeli anastahili ukurasa wa biashara kabla ya ule wa michezo.

Soga, kata ya Wilaya ya Kibaha inayopakana na maeneo ya Kisarawe, inafaa kwa hesabu hiyo. Ni mahali pa reli tangu zamani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, na njia ilipita hapa. Reli ya kisasa, SGR, nayo imeweka stesheni Soga, kama kilomita 50 kutoka Dar es Salaam. Safari za abiria za Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza Juni 14, 2024, nauli ya daraja la kawaida iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kwa Soga ilikuwa Sh4,000. Kwa hiyo kilomita hamsini zina bei inayojulikana, zina tiketi na mkaguzi wake. Kilomita tano za kutoka stesheni hadi kitongojini hazina. Bei yake ni maelewano na dereva wa bodaboda, na giza likiingia au mvua ikinyesha maelewano hayo hupanda. Isitoshe, reli mpya imezungushiwa uzio. Anayelala upande mmoja na kulima upande wa pili anavuka pale tu palipowekwa kivuko, hata kama shamba analiona kwa macho.

Safari za mwanamke wa kijijini ni fupi na nyingi. Shambani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, zahanati, gulio, shule ya mtoto, kikao cha vikoba. Utafiti uliofanyika Makete miaka ya 1980, katika mradi wa usafiri vijijini ambao wataalamu wa barabara bado wanautaja, ulionyesha kwamba muda na nguvu za kaya zinazokwenda kwenye kusafiri na kubeba hutoka kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume, na kwamba sehemu kubwa ya safari hizo haigusi kabisa barabara ya gari. Makete ni mlima na baridi, Soga ni tambarare na joto, lakini orodha ya safari ni ileile. Kwa safari ya kilomita tatu, bodaboda ni ghali kuikodi kila siku, hasa tangu petroli ilipovuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022, na miguu inakula asubuhi nzima. Katikati ya hivyo viwili kuna nafasi ya baiskeli. Kinachoshangaza ni jinsi biashara yenyewe ilivyochelewa kuiona.

Tuanze na bidhaa. Baiskeli iliyolijenga soko letu ni Phoenix ya Shanghai, ikifuatiwa na Hero na Avon za Ludhiana, India. Zote zimefuata umbo la Raleigh ya Nottingham. Tanzania yenyewe iliwahi kuwa na Swala, iliyoundwa na shirika la umma la NABICO. Ni baiskeli za chuma kizito, ringi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, na ule mtalimbo unaotoka chini ya siti hadi kwenye usukani. Mtalimbo ni kipande kimoja tu cha bomba, lakini ndio uliowachagulia wenye duka wateja. Aliyevaa kanga au dira hawezi kurusha mguu juu yake. Mjamzito hawezi. Mama mwenye mtoto mgongoni akijaribu, anahatarisha wawili. Mwanamke mfupi akisimama kwenye taa, au kwenye mchanga wa Soga, miguu haifiki chini. Huyo mteja hajaikataa baiskeli, ameikataa fremu.

Walioziba pengo hilo si wenye viwanda bali wauza mtumba. Japani ina baiskeli za kawaida za mama wa nyumbani: fremu imeshuka katikati ili mtu apite mguu bila kuunyanyua, kikapu mbele, kava la cheni, stendi ya miguu miwili inayosimama hata ukiwa na mzigo. Nyingi hutelekezwa karibu na stesheni za treni za huko, manispaa zikazikusanya. Baadhi zilikarabatiwa zikatumwa nchi zinazoendelea kama msaada, kazi ambayo shirika la JOICFP la Tokyo limeshiriki tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyingi zaidi ziliingia sokoni kwa makontena kama mtumba mwingine wowote. Dar es Salaam na Zanzibar utaziona zimepangwa kando ya barabara, zimefutwa vumbi. Huku kwetu huitwa baiskeli ya kike, na wanaume wengi huziendesha bila kuona aibu kwa sababu ni nyepesi na hazisumbui.

Zinakwamia kwenye vipuri. Phoenix hutumia tairi la 28 kwa moja na nusu, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mjapani hutumia tairi la 26 au 27 kwa moja na tatu ya nane, spoku 36 kwa kila ringi. Mwenye duka la kijijini anayenunua kwa jumla Kariakoo hubeba kinachotoka haraka, na kinachotoka haraka ni cha Phoenix, maana ndicho wauza mkaa na wauza maji wanachomaliza. Mwanamke akipasukiwa tairi, fundi anaweza kumzibia pancha lakini hana tairi la kumbadilishia. Baiskeli inaegeshwa nyuma ya nyumba ikisubiri mtu wa kwenda mjini, wiki inakuwa mwezi, kuku wanalala juu yake. Baadaye itasemwa kwamba wanawake walipewa baiskeli hawakuzitumia. Nimeisikia kauli hiyo kwenye mazungumzo ya miradi mara nyingi kuliko ninavyopenda, na sijasikia anayeuliza tairi la ishirini na sita linauzwa wapi.

Mnunuzi mkubwa wa baiskeli za kike vijijini, kwa sasa, si mwanamke mwenyewe. Ni mashirika na serikali zinazonunua kwa niaba ya wasichana wa shule. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununulia baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Zambia walijaribu kwa baiskeli za Buffalo za shirika la World Bicycle Relief, na utoro wa wasichana ukapungua kwa zaidi ya robo. Buffalo imetengenezwa kwa ajili ya barabara za vumbi: keria yake inahimili kilo 100, breki ya nyuma ni ya kukanyaga pedeli kinyume, na fremu imeshushwa. Kenya shirika hilo lina kituo cha kuziunganisha Kisumu. Kilicho cha maana kwa mfanyabiashara ni kwamba mradi wa Zambia haukuishia kugawa baiskeli. Ulifundisha mafundi wa hukohuko na kuhakikisha vipuri vinapatikana karibu. Baiskeli ya msichana wa kidato cha kwanza huendeshwa pia na mama yake Jumamosi na bibi yake akienda zahanati, kwa hiyo takwimu za shuleni zinahesabu sehemu tu ya faida.

Hapo tunafika kwa wakubwa. Binti wa miaka kumi na tatu anajifunza kwa kuanguka mbele ya wenzake na kucheka. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano hawezi kuanguka mbele ya mkwewe. Zile baiskeli za kukodi kwa dakika, ambazo watoto wa mijini hujifunzia, hazimfai: ni fupi, zipo uwanjani, na mwenye nazo ni kijana anayemwamkia shikamoo. Yapo pia maneno ya zamani ya pwani kwamba msichana akipanda baiskeli atapoteza ubikira, maneno ambayo hayajawahi kumzuia mtu yeyote kumtwisha msichana huyohuyo ndoo ya lita ishirini. Mila zenyewe zinatofautiana hata ndani ya nchi moja. Usukumani, mwanamke juu ya baiskeli hashangazi mtu. Zanzibar, wanawake wa buibui wanapita na vespa kwenda kazini. Hoja ya heshima, kwa hiyo, hulegea mara chombo kinapopatikana na wa kwanza watatu wakishapita.

Mafunzo ya watu wazima yanaweza kuwa huduma ya kulipiwa. Yanahitaji mahali penye faragha, uwanja wa shule saa za jioni kwa mfano, baiskeli mbili zenye siti iliyoshushwa hadi miguu yote miwili iguse chini, na mwalimu mwanamke. Pedeli huondolewa kwanza, mwanafunzi akajisukuma kwa miguu mpaka apate mizani, ndipo pedeli zirudishwe. Wengi wakishapata mizani, woga unaisha. Dar es Salaam, UWABA, umoja wa waendesha baiskeli ambao Mejah Mbuya amekuwa sauti yake kwa miaka mingi, umekuwa ukidai njia salama za baiskeli jijini. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi mwaka 2016 ulileta njia za baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro hadi Kimara. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, barabara imepanuliwa kuwa ya njia nane, na sitamshauri mwanagenzi yeyote akafanyie mazoezi hapo. Bahati nzuri safari za mwanamke wa Soga hazimlazimu afike huko.

Kuna kundi ambalo soko linalisahau kabisa: wanawake wenye ulemavu. Baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono ni chombo cha biashara kamili. Ina nafasi ya mzigo nyuma na haihitaji kusukumwa na mtu. Karibu zote hupatikana kwa msaada, kwa hiyo hakuna bei ya soko, hakuna ushindani, na ikiharibika mwenye nayo anarudi kuomba. Kampala kuna mfano uliokwenda njia nyingine. Wanawake wenye ulemavu walianzisha karakana yao, MADE, wakawa wanachomelea viti mwendo na baiskeli za magurudumu matatu na kuziuza. Mombasa, karakana za Bombolulu zimewaajiri watu wenye ulemavu tangu 1969. Kwetu, chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa vifaa hivi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mbio za baiskeli za Mwanza zilizodhaminiwa na Vodacom ziliwahi kuwa na kundi la walemavu pamoja na la wanawake, ushahidi kwamba waendeshaji wapo na wana kasi. Bomba, ringi na mashine ya kuchomelea vipo Kibaha. Kinachokosekana ni oda.

Na oda ni suala la fedha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na udhaifu wa usimamizi na marejesho, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Fomu za mikopo hiyo zinapenda mradi wa pamoja: ufugaji wa kuku, ushonaji, usindikaji wa mihogo. Baiskeli inaonekana kama matumizi ya mtu binafsi. Lakini kikundi cha wanawake kumi wanaouza mihogo au maembe hupoteza sehemu ya faida kwa bodaboda kila siku ya gulio, na fedha hiyo haionekani kwenye andiko la mradi kwa kuwa hulipwa kidogokidogo kutoka mfukoni. Ikiandikwa, baiskeli inageuka kuwa mtaji. Vikoba vimeelewa hili mapema kuliko maofisa. Mgawo wao wa mwisho wa mwaka ndio fedha taslimu kubwa ambayo wanawake wengi huishika kwa mkupuo, na mfanyabiashara mwenye akili angejua mgawo huo unatoka mwezi gani.

Mahitaji yanaelekea kuongezeka. Bandari kavu ya Kwala, katika wilaya hiyohiyo ya Kibaha, ilizinduliwa Julai 31, 2025, na eneo la viwanda linajengwa jirani. Viwanda huajiri kwa zamu, na zamu huanza saa ambazo nauli ya bodaboda ni kubwa kuliko kawaida. Sitarajii kampuni kubwa ije kufungua duka la baiskeli za kike Soga kwa sababu hiyo. Natarajia fundi mmoja, pengine mwanamke, atakayekwenda Kariakoo na kurudi na treni akiwa na tairi kumi za inchi 26, tyubu zake, fungu la spoku, waya za breki, gololi na gundi ya pancha.