Je, Wajua? Asilimia ya Rangi, ya Nini?

Je, wajua kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu? Nyingine nyingi tunaziita kwa vitu. Kijani ni majani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda. Anayetaja rangi hutaja na cha kuilinganisha nacho. Stika za monita hazina adabu hiyo. Ingia dukani mjini Embu usome "rangi asilimia 99", halafu utafute neno linalofuata.

Je, wajua kwamba monita hupika rangi zake zote kwa mianga mitatu tu: nyekundu, kijani na buluu? Iweke mianga hiyo kwenye ramani ya rangi zinazoonekana na binadamu, iliyotolewa na tume ya CIE mwaka 1931, nawe utapata pembetatu. Huo ndio wigo wa rangi. Rangi iliyo nje ya pembetatu haipatikani, hata uongeze mwangaza hadi macho yaume.

Je, wajua kwamba "asilimia 72 ya NTSC" ni kipimo cha televisheni ya Marekani ya mwaka 1953? Kenya haikurusha NTSC. Tulitumia PAL, kama Zanzibar iliyoanza televisheni ya rangi mwaka 1973. Watengenezaji wa Marekani wenyewe waliiacha mianga ile ya 1953 wakitafuta picha angavu zaidi. Yaani mnunuzi wa Manyatta anapimiwa kwa pishi ambalo hata mwenyewe alishalitupa!

Hata hivyo, usiikimbie 72 hiyo. Inakaribia ukubwa wa sRGB, kipimo cha HP na Microsoft cha mwaka 1996, ambacho picha nyingi za intaneti bado hukifuata. Ya kuogopwa ni 45, inayojificha kwenye laptopu za bei nafuu: ni kama asilimia 63 tu ya sRGB. Huku kwetu buni huchaguliwa kwa wekundu. Piga picha ya buni iliyoiva vizuri, uifungue kwenye skrini hiyo, utaona kitu kinachoelekea rangi ya udongo. Mwenye picha ataongeza wekundu mpaka aridhike, aitume kwa mteja, na kwenye simu ya mteja buni itawaka kama rangi ya mdomo.

Je, wajua kwamba "asilimia 125 ya sRGB" yaweza kukosa sehemu ya sRGB yenyewe? Hebu tuseme kwa mashamba, lugha tunayoielewa. Una ekari mbili, jirani ana tatu ng'ambo ya mto Rupingazi. Shamba lake ni asilimia 150 ya lako, lakini halina hata shina moja la chai yako. Ukubwa ni jambo moja, kufunika ni jingine. Kufunika hakuwezi kupita 100, kwa hiyo tarakimu yoyote iliyozidi hapo inazungumzia ukubwa tu.

Je, wajua kwamba "rangi milioni 16.7" ni hesabu ya 256 mara 256 mara 256? Bilioni 1.07 ni 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Hizo ni ngazi za kupandia ndani ya nyumba. Hazisemi nyumba ina ukubwa gani.

Je, wajua kwamba DCI-P3, kipimo kilichotoka kwenye sinema za kidijitali, huizidi sRGB kwa takriban asilimia 36 kwenye ramani ya 1931, lakini kwa 26 hivi kwenye ile ya 1976? Vipimo ni vilevile, ramani ndiyo iliyobadilika. Sihitaji kukwambia muuzaji huipenda ipi.

Je, wajua kwamba wigo mpana huweza kuharibu picha? Programu isiyojua kutafsiri rangi huinyoosha picha ya sRGB ijaze pembetatu nzima, na uso wa bibi harusi ukawa kama pilipili. Tafuta hali ya sRGB kwenye menyu ya monita. Baadhi ya monita hufunga marekebisho ya mwangaza ukiwa humo, kwa hiyo jaribu kitufe hicho kabla hujatoa M-Pesa.