Mafungu ya Bwejuu na Gharama ya Kuvuka

Katika Kisiwa cha Bwejuu, bei ya samaki haikatwi sokoni peke yake. Hukatwa kwanza na bahari, kwa kuwa mali yote itokayo kisiwani hupakiwa chomboni, na chombo haking'oi nanga mpaka nahodha awe na yakini ya kina cha maji.

Kisiwa hiki kimekaa baina ya Mafia kubwa na delta ya Rufiji, mahali ambapo mto huo humwaga mchanga ulioubeba kutoka bara, na kaskazi na kusi zikausogeza huku na huko, hata fungu la mchanga lililojulikana mwaka jana likawa limehama. Wakati wa bamvua chombo chenye shehena nzito huvuka maji yakijaa. Yakiwa maji mafu, nahodha hupunguza mzigo au hungoja, na kungoja ni hasara, kwani barafu ya samaki huyeyuka, posho za mabaharia huliwa, na mchuuzi hununua kwingine.

Kina hiki kiliwahi kuamua hata vita: manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta, na Waingereza hawakuiangamiza mpaka Julai 1915, walipoleta Severn na Mersey, merikebu zilizoweza kuelea penye maji machache.

Mabaharia wa ncha ya kaskazini nao wana mtihani wa namna hii. Barafu ya huko ilipopungua Septemba 2012 hata ikabaki kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, wenye meli walitamani njia ya pwani ya Urusi, iliyo fupi baina ya Asia na Ulaya. Lakini barafu iliyovunjika husukumwa na upepo ikaziba mlango uliokuwa wazi jana, na kwa sababu hiyo, tangu Januari 2017, kanuni za kimataifa hulazimisha meli za huko ziwe madhubuti na mabaharia wake wawe na mafunzo mahsusi.

Kwetu, bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, huzuia sehemu ya mchanga wa Rufiji, na mafungu hayana budi kufuata hesabu mpya. Basi kina kipimwe kila baada ya masika, maboya yawekwe, na manahodha wa Bwejuu waketi pamoja na wapimaji na walipwe ujira wa ilimu yao, maana ndiyo rasilimali iliyoibeba tijara hii siku zote bila kuandikwa katika daftari lolote.