Kabla ya Stars, Amunike aliizima Argentina Olimpiki

MACHI 2019, Taifa Stars ilipoichapa Uganda mabao 3-0 Uwanja wa Taifa na kukata tiketi ya AFCON baada ya miaka 39, jina la kocha Emmanuel Amunike lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wengi walimjua kama winga wa zamani wa Barcelona. Wachache walikumbuka kwamba ndiye aliyefunga bao lililoipa Afrika dhahabu yake ya kwanza ya soka kwenye Olimpiki.

Ilikuwa Agosti 3, 1996, nchini Marekani. Argentina ya kina Hernan Crespo, Ariel Ortega na Javier Zanetti ilitangulia mara mbili. Mara mbili Nigeria ilirudisha, kwanza Celestine Babayaro, kisha Daniel Amokachi. Dakika ya 90 ikapigwa faulo, mabeki wa Argentina wakapanda juu kutega mtego wa kuotea, Amunike akabaki peke yake na kipa. 3-2. Mchezo umekwisha.

Siku chache kabla yake, Nigeria hiyohiyo ilikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Brazil ya Ronaldo, Bebeto na Roberto Carlos. Victor Ikpeba akapunguza, Nwankwo Kanu akasawazisha dakika ya 90, na ndani ya dakika nne za nyongeza Kanu huyohuyo akamaliza kazi kwa bao la dhahabu. Brazil nje.

KOMBE LA DUNIA LILIZALIWA HUKU

Shabiki wa leo anaiona Olimpiki kama michezo ya riadha na kuogelea, soka ni nyongeza tu. Historia inasema tofauti. Soka la timu za taifa lilianza rasmi Olimpiki ya London mwaka 1908, miaka 22 kabla ya Kombe la Dunia. Mwaka 1920 kule Antwerp, Misri ikawa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki. Fainali ya mwaka huo ilikuwa kituko: Czechoslovakia, ikiwa nyuma 2-0 dhidi ya Ubelgiji, iligomea uamuzi wa refa na kutoka uwanjani kabla ya mapumziko. Dhahabu ikaenda kwa wenyeji.

Kisha wakaja Uruguay. Walibeba 1924 mjini Paris na 1928 mjini Amsterdam, na ndiyo maana jezi yao ina nyota nne wakati Kombe la Dunia wamelichukua mara mbili. Mwaka huo wa 1928 Misri ilifika nusu fainali, ikapigwa 6-0 na Argentina na kumaliza ya nne.

Tatizo lilikuwa pesa. Olimpiki ilitaka wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa, wakati soka lilishaanza kuwa ajira. FIFA ikaamua kuanzisha mashindano yake, na mwaka 1930 Kombe la Dunia likachezwa Uruguay. Olimpiki ya 1932 haikuwa na soka kabisa.

UMRI UKAFUNGUA MLANGO

Wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa mwaka 1984 kwa masharti. Mwaka 1988 kule Korea Kusini, majirani zetu Zambia wakaishangaza dunia kwa kuitandika Italia 4-0, Kalusha Bwalya akitupia matatu peke yake. Mwaka 1992 ikaja sheria ya wachezaji wa chini ya miaka 23, na tangu 1996 kila timu inaruhusiwa watatu waliozidi umri huo.

Sheria hiyo iliifaa Afrika. Ghana ikachukua shaba 1992, Nigeria dhahabu 1996, Cameroon dhahabu 2000. Hawa Cameroon waliitoa Brazil robo fainali wakiwa tisa uwanjani, halafu kwenye fainali wakatoka nyuma 2-0 dhidi ya Hispania ya Xavi na Puyol na kushinda kwa penalti. Golini alisimama kijana wa miaka 16, Idriss Kameni. Mbele alikuwepo Samuel Eto'o, miaka 19. Nigeria ikaongeza fedha 2008 na shaba 2016, Morocco ikabeba shaba 2024 kwa kuichapa Misri 6-0. Kwenye Kombe la Dunia la wanaume, fainali bado tunaiota.

SISI TUKO WAPI?

Tanzania, Kenya na Uganda hazijawahi kucheza soka la Olimpiki. Na siyo bahati mbaya. Ghana ya 1992 ilitoka kubeba Kombe la Dunia la U-17 mwaka 1991. Nigeria ilibeba kombe hilohilo 1993, Kanu na Babayaro wakiwemo, miaka mitatu kabla ya kuizima Brazil. Medali zile zilianzia utotoni, na watoto hawakuachwa njiani.

Hapa kwetu Serengeti Boys walikwenda AFCON ya U-17 mwaka 2017 kule Gabon, wakaifunga Angola na kuibana Mali. Mwaka 2019 tukawa wenyeji. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2022. Vipaji vipo. Swali ni wangapi kati yao wanapata namba ligi kuu wakifika miaka 20, umri ambao Eto'o alikuwa ameshavaa dhahabu shingoni.

Na mlango unazidi kubana. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na timu 12 tu za wanaume badala ya 16. Kwa wanawake ni kinyume: kutoka 12 zimepanda hadi 16. Zambia ya Barbra Banda, aliyepiga hat-trick mbili mfululizo kule Tokyo, imeonyesha kwamba ukanda huu unaweza kufika. Kama kuna timu yetu iliyo karibu na Olimpiki, ni ya hao mabinti. Basi tusisubiri wafuzu ndipo tuanze kujaza uwanja.