Hazina ya Herufi Nne (3): Kuiuliza GenBank kuhusu kimelea cha malaria

Makala mbili zilizotangulia zilihusu namna DNA inavyosomwa maabara na namna matokeo yanavyosajiliwa. Leo tunaingia hazinani kutafuta. Nitashika mfano mmoja tu, jeni ya K13 ya kimelea cha malaria, kwa sababu inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki na kwa sababu karibu kila mtego wa utafutaji umo ndani yake.

Hazina yenyewe nitaieleza kwa ufupi. GenBank ilianzishwa Marekani mwaka 1982 na sasa inatunzwa na kituo kiitwacho NCBI. Inazo kanzidata mbili wenza, moja ya Ulaya na nyingine ya Japani, na zote tatu hubadilishana rekodi kila siku. Aliyeuliza moja amekwisha kuuliza zote.

Sasa K13. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa wakifuatilia usugu wa artemisinini nchini Kambodia walionyesha kwamba usugu huo unaambatana na mabadiliko katika jeni hii, iliyoko kwenye kromosomu ya 13 ya Plasmodium falciparum. Artemisinini ndiyo kiini cha dawa mseto tunazopewa zahanati. Mwaka 2020 badiliko liitwalo R561H liliripotiwa Rwanda, na baadaye likaonekana Kagera pia. Jina hilo husomwa hivi: katika nafasi ya 561 ya protini, asidi amino ya ajinini, yaani R, imetoka na histidini, yaani H, imeingia. Ufupisho huu wa herufi mojamoja tulirithi kwa Margaret Dayhoff, mwanasayansi wa Marekani aliyeanza kuchapisha atlasi ya protini mwaka 1965, zama ambazo hazina nzima ilienea kitabuni.

Tuseme mwanafunzi wa uzamili anataka rekodi zote za K13 kutoka nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Anafungua ukurasa, anaandika malaria, anabofya. Yatamiminika majibu mengi, na mengi hayamfai. Mbu aina ya Anopheles gambiae atakuwamo, kwa kuwa jina lake la kawaida katika hazina hiyo lina neno malaria ndani yake. Jeni za binadamu zinazohusiana na kinga ya ugonjwa huo nazo zitakuja. GenBank ni kama karani wa masjala: hukuletea kila jalada lenye neno ulilotaja, wala haulizi ulikusudia nini.

Dawa ya hilo ni kuliambia neno likae wapi. Kila rekodi ina vipengele: kiumbe, jeni, kichwa cha maelezo, waandishi, urefu wa mfuatano, tarehe. Ukiandika Plasmodium falciparum na kuifunga kwenye kipengele cha kiumbe, mbu na binadamu wanaondoka. Bora zaidi ni kutumia namba ya kiumbe katika orodha ya uainishaji, ambayo kwa kimelea hiki ni 5833, maana namba haina tahajia ya kukosewa.

Mtego wa pili ni mkubwa kuliko huo, na nimeona hata wazoefu wakinaswa. Jeni hii haina jina moja. Jenomu ya kimelea ilipochapishwa mwaka 2002 iliitwa PF13_0238, kisha utaratibu wa majina ulipobadilishwa ikawa PF3D7_1343700. Wako wanaoiandika K13, wengine Pfk13, wengine kelch13. Kabla ya 2014 hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiita K13, kwa hiyo rekodi ya zamani inaweza kuwa na mfuatano uleule bila jina hilo popote. Mtafutaji makini huandika majina yote na kuyaunganisha kwa OR.

Hapo napo kuna jambo. Maneno ya kuunganisha, AND, OR na NOT, yaandikwe kwa herufi kubwa, na mashine huyatekeleza kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika falciparum AND kelch13 OR vivax, ukitumaini kupata jeni hiyo kwa aina mbili za vimelea, utapata kelch13 ya falciparum pamoja na kila rekodi ya vivax iliyomo hazinani. Mabano ndiyo mkombozi: falciparum OR vivax yafungwe pamoja kwanza, ndipo AND ifuate.

Kuhusu nchi na tarehe nitasema machache. Tarehe ya kutolewa kwa rekodi si tarehe ya kuchukuliwa damu ya mgonjwa; miaka kadhaa inaweza kupita kati ya hizo mbili. Na kipengele cha mahali, katika rekodi nyingi za zamani, kimeachwa wazi. Anayechora ramani ya usugu kwa kutegemea kipengele hicho peke yake anachora pia ramani ya uzembe wa wajazaji fomu.

Maneno yakishindwa, tunautafuta mfuatano kwa mfuatano. Kazi hiyo hufanywa na BLAST, programu iliyotangazwa mwaka 1990. Huukata mfuatano wako vipande vifupi, hutafuta vinakolingana na rekodi, kisha hurefusha kila ulingano pande zote mbili mpaka alama zianze kushuka. Jibu huja na thamani E, yaani idadi ya ulingano wa ubora huo ambao ungetarajiwa kutokea kwa bahati tu katika hazina yenye ukubwa ule. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bahati inavyopungua. Kwa kimelea hiki tahadhari inahitajika, kwani takriban asilimia 80 ya jenomu yake ni A na T. Vipande vya kujirudiarudia hufanana bila kuwa na undugu wowote, na ndiyo maana programu huvifunika kabla ya kulinganisha.

BLAST itampa mwanafunzi wetu rekodi za K13 hata zile zisizo na jina hilo. Lakini haitamwambia ni ipi yenye usugu. Jeni nzima ina herufi 2,181, na R561H ni tofauti ya herufi moja. Kimelea sugu na kisicho sugu watafanana kwa asilimia 99.95, thamani E ikiwa sifuri kwa wote wawili. Inabidi ashushe mifuatano yenyewe, aipange juu ya ile ya marejeo, kisha asome herufi ya 1681 hadi 1683, ambazo ndizo zinazoandika nafasi ya 561.

Na kabla ya kusoma aangalie ni sehemu gani ya jeni rekodi imefunika. Maabara nyingi husajili kipande tu. Kipande kinacholingana kwa asilimia 100 lakini kinachoishia kabla ya herufi ya 1681 hakijasema lolote kuhusu R561H, na kukihesabu miongoni mwa vimelea visivyo sugu ni kupunguza tatizo kwenye karatasi huku likibaki palepale Kagera. Upangaji wa mifuatano una kanuni zake, nasi tutauanza juma lijalo.