Kalamu ya Karatina Iliyopitia Manda

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Timau, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, hupita Karatina, mji wa Nyeri ujulikanao kwa soko lake. Wengi wetu tupitapo hapo huwaza viazi na kabeji tu. Lakini hapo ndipo Gakaara wa Wanjau alipokuwa na matbaa yake. Alikuwa mwandishi na mhariri ambaye hakungoja kuajiriwa ndipo aandike.

Alizaliwa mwaka 1921, mwana wa mchungaji wa kanisa. Kijitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1946, kilihusu posa na ndoa, jambo liigusalo kila nyumba. Baadaye alitunga nyimbo, akaandika siasa kwa Kikuyu na kwa Kiswahili pia, hata serikali ya kikoloni ikamhesabu mtu wa hatari. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, alikamatwa.

Sehemu ya kifungo hicho aliipitisha kwetu pwani, katika kisiwa cha Manda, kinachotazamana na mji wa Lamu. Huko, mbali na mkewe, aliandika kwa siri mambo aliyoyaona na kuyapata kizuizini. Maandishi hayo aliyatunza miaka mingi. Mwaka 1983 yalitoka kitabu kwa Kikuyu, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Noma, iliyokuwa miongoni mwa tuzo kubwa za vitabu barani Afrika.

Hakuwa mtu wa fani moja. Alihariri jarida lake, Gĩkũyũ na Mũmbi, akabuni visa vya kuchekesha vya Wa-Nduuta, na akaandika vitabu vya kufundisha kusoma Kikuyu. Aliandika, akapiga chapa, akauza mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2001.

Tumemtaja kwa sababu moja, ndugu zetu. Majumbani mwetu mna makasha yenye barua za nyanya, tungo za mama na daftari za mahari. Kila tunapohama au kupaka nyumba rangi, karatasi hizo ndizo hutangulia jaani. Mfungwa wa Manda aliweza kuzihifadhi karatasi zake chini ya macho ya askari. Sisi tulio huru, wenye kabati na funguo, tutatoa udhuru gani kwa wajukuu wetu?