Tuisafishe mito yetu kuanzia kwenye chemchemi



Vijana wanaojitolea kusafisha mito ya jiji letu la Dar es Salaam hukutana na swali moja kila wanapotoka mtoni na reki, koleo na viroba vilivyojaa chupa za plastiki, pempasi na nguo chakavu. Huulizwa na jirani aliyekaa barazani: "Leo Jumamosi mmesafisha. Mvua ikinyesha Jumatano, si zitarudi zile zile?" Wengine huuliza kwa dhihaka, wengine kwa huruma. Kwa vyovyote vile, swali hilo ni la haki. Wapo wanaparokia wazuri waliokwenda mtoni mara mbili, mara tatu, wakakata tamaa ya kwenda mara ya nne. Dominika hii natamani tulitafute jibu katika Neno la Mungu, ili wasiache kwenda, na sisi tuliobaki barazani tujue wajibu wetu.

Kwanza tuitambue mito yenyewe, maana wengi wetu tunaivuka kila siku ndani ya daladala bila kujua majina yake. Katika vilima vya Pugu na Kisarawe maji hugawanyika. Mto Msimbazi hushuka kupitia Ilala, ukafika kwenye bonde linaloitenganisha Ilala na Kinondoni, ukapita Jangwani na kuingia baharini pale Salender. Kizinga na Mzinga huelekea upande wa Temeke na kumwaga maji yake kwenye mkono wa bahari pale Mtoni, jirani na bandari. Upande wa kaskazini, Kinondoni ina mito mingine kama Mlalakuwa, Tegeta na Mpiji.

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kuvipenda vilima vya Pugu. Ndiko walikofikia wamisionari Wabenediktini mwaka 1888, na ndiko misheni yao ilikoteketezwa mwaka uliofuata. Baadaye Pugu ilipata shule ambayo Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie nchi. Kutoka kwenye vilima hivyo hivyo yameshuka mahubiri na yameshuka maji. Mahubiri tunayatunza kwa ibada na kwa michango. Je, maji tunayatunza kwa nini?

Tusidhani mito hii ni mitaro tu ya kupitisha mvua. Mtambo wa maji wa Mtoni, Temeke, hupata maji yake kutoka Mto Kizinga. Kiasi chake ni kidogo ukilinganisha na kile kinachotoka Ruvu, lakini mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame na jiji likaingia kwenye mgawo, tulijifunza kwamba hakuna chanzo cha maji cha kudharau. Anayetupa uchafu kwenye Kizinga anautupa kwenye ndoo ya jirani yake.

Tunachokitupa mtoni huturudia pia mezani. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walikuta ndani yake madini mazito, yakiwemo risasi na kadimi. Mchicha ni ule ule tunaouona sokoni, wa kijani na wa kuvutia. Macho hayawezi kuona ulichokunywa. Na sote tunakumbuka kipindupindu kilichozuka Agosti 2015, kikaanzia hapa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kabla ya kusambaa mikoani. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula vilivyochanganyika na kinyesi. Hata hivyo bado wapo wanaosubiri mvua kubwa inyeshe ndipo wafungulie na kutapisha vyoo vyao, mafuriko yabebe. Yabebe kwenda wapi? Kwenda kwa mtu.

Tena ziko roho za watu. Desemba 2011 mvua kubwa ziliinua mito yetu, na jijini walifariki watu wasiopungua 40. Familia nyingi za mabondeni zilipoteza kila kitu, na baadhi zilihamishiwa Mabwepande. Sababu za mafuriko ni nyingi: mvua yenyewe, ujenzi ndani ya bonde, miti iliyokatwa huko juu, mchanga unaochimbwa na kumomonyoa kingo. Lakini taka zinazoziba makalavati na kujaza mkondo ni sababu ambayo mikono yetu inaweza kuiondoa. Wahenga walishatuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa turudi kwa swali la jirani. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 2, watu wa mji wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na shida inayofanana na yetu. Walimwambia mji wao ni mzuri, umekaa mahali pazuri, ila maji yake ni mabaya na nchi haizai. Tazama alichofanya nabii. Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akibariki mitungi, wala hakuwaambia wahame. Aliagiza chombo kipya kilichotiwa chumvi, kisha akaenda hadi kwenye chemchemi, pale maji yanapotokea, akaitupa chumvi hapo. Maji yakapona. Wenyeji wa Yeriko wanaionyesha chemchemi hiyo mpaka leo na kuiita kwa jina la Elisha.

Jibu letu limo humo. Taka zinarudi Jumatano kwa sababu Jumamosi tulisafisha mtungi, na chemchemi haijaguswa. Chemchemi ya taka za mtoni iko jikoni kwetu, chooni kwetu, dukani kwetu, karakana kwetu. Iko kwenye kiroba kinachotupwa alfajiri kabla majirani hawajaamka. Iko kwenye bomba la majitaka lililopenyezwa chini ya ukuta wa nyumba yenye geti zuri. Iko kwenye kiwanda kinachosubiri usiku ili kifungulie maji yake.

Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 34, anawakemea kondoo walionenepa. Kosa lao ni kwamba wakisha kunywa maji safi, huyavuruga kwa miguu yaliyobaki, wadhaifu wanaokuja nyuma yao wakanywa tope. Ukiisoma aya ile ukiwa umesimama kwenye daraja la Msimbazi au la Kizinga, huhitaji mtu wa kukufafanulia. Aliye juu hunywa, huoga, hutupa, na husahau. Aliye chini hupokea. Ndiyo maana nawasihi tusiwalaumu haraka ndugu wanaoishi mabondeni. Sehemu kubwa ya uchafu unaolala milangoni mwao umetoka kwa wengine. Wengi wao wanaishi kwenye vichochoro ambako gari la taka haliwezi kupita. Kristo alituamuru tumpende jirani. Katika jiji lenye mito, jirani yangu ni yeyote anayepokea maji baada yangu.

Je, basi kusafisha mtoni ni kazi bure? Hapana. Kanisa linatufundisha jambo hili katika sakramenti ya Kitubio. Padre anayekuondolea dhambi hukupa pia malipizi. Aliyeiba huwajibika kurudisha. Majuto na maungamo bila jitihada ya kurekebisha kilichoharibika hubaki maneno. Kwenda mtoni na reki ni malipizi yetu sisi kama mji: tunarekebisha kwa mikono kile tulichoharibu kwa mikono. Lakini malipizi yana mwenzake, nalo ni kusudi la kutotenda tena. Anayezoa taka Jumamosi na kutupa Jumatatu ni sawa na anayeungama akiwa amekwisha kupanga dhambi ya wiki ijayo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituita kwenye wongofu wa kiikolojia. Wongofu, tunavyojua, huanzia moyoni, ukashuka mikononi. Ndiyo faida nyingine ya kujitolea. Mtu akiinama mara moja kuvuta pempasi iliyonasa kwenye mizizi ya mikoko, hawezi tena kuitupa ya mwanawe kwa urahisi ule wa zamani. Mto unabaki na kazi, lakini yeye ameshaponywa. Naye akirudi mtaani, anaweza kumwambia jirani yake neno ambalo padre hawezi kulisema kutoka mimbarini.

Tunao mfano karibu. Mto Mlalakuwa, unaopita maeneo ya Mikocheni na Kawe, ulipata mradi wa kuurejesha katika hali yake katika miaka ya 2010. Walikaa meza moja Manispaa ya Kinondoni, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, taasisi ya Nipe Fagio, kampuni binafsi na wananchi wa mitaa husika. Busara yake ilikuwa kutoishia kwenye siku ya usafi. Walishughulikia pia utaratibu wa ukusanyaji wa taka mitaani na elimu kwa wakazi, yaani walipanda kuelekea kwenye chemchemi. Mto ule bado una safari ndefu, lakini njia waliyoionyesha ndiyo ya Elisha.

Hapo niseme neno kwa upande wa wenye mamlaka, maana kujitolea kwa wananchi hakufuti wajibu wa yeyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ikisimamiwa kwa maskini peke yake na kufumbia macho kiwanda, haitakuwa haki. Wananchi nao wana sauti. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, hapa Kinondoni, walikwenda Mahakama Kuu kupinga Halmashauri ya Jiji kumwaga taka karibu na makazi yao, na Mahakama ikawapa haki. Walikusanyika, wakaandika, wakasimama mbele ya sheria. Huo nao ni upendo wa jirani. Sasa Serikali inatekeleza mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi kwa fedha zikiwemo za Benki ya Dunia. Tuuombee na tuufuatilie, tukijua kwamba hakuna daraja refu kiasi cha kuvuka tabia zetu.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na yote yaanzie kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa sababu jumuiya ndiyo inayokijua kichochoro.

La kwanza, kila jumuiya ijue maji yake yanakwenda wapi. Siku moja baada ya sala, fuateni mtaro wa mtaa wenu mpaka unapoingia mtoni. Mtajifunza mengi kuliko semina.

La pili, kila kaya ilipe ada ya taka, na palipo na mjane au mgonjwa asiyeweza, jumuiya imlipie kama inavyomchangia kwenye msiba. Gari lisipofika, mkutaneni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkubaliane juu ya mkokoteni au guta la vijana wa mtaani. Waokota makopo tuwaheshimu. Chupa wanazoziuza kwa kilo ni chupa ambazo hazikufika baharini.

La tatu, WAWATA, UWAKA na vijana wetu wachague kipande kimoja cha mto au mtaro, kidogo tu, wakitunze mwaka mzima. Waende kabla ya masika na kabla ya vuli, wakiwa na glavu na mabuti, na wapande miti inayofaa kingo. Mita hamsini zinazotunzwa kila mwezi zina faida kuliko kilomita mbili zinazopigwa picha mara moja kwa mwaka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo nchi imeitenga kwa usafi, inatosha kuwa kalenda yetu.

La nne, tusiende peke yetu. Maji yanayopita nyuma ya kanisa hupita pia nyuma ya msikiti. Waalikeni majirani Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine. Mafuriko hayamwulizi mtu dini yake.

Mpendwa, katika sura ya 47 Ezekieli anaoneshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu, upande wa madhabahu. Mwanzo ni kidogo, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Yanaendelea mpaka magotini, viunoni, hatimaye yanakuwa mto usiovukika kwa miguu. Kila yanakopita, viumbe vinaishi, samaki wanaongezeka, miti ya kingoni inatoa matunda ya chakula na majani ya dawa. Maji yale hayakubaki Hekaluni. Yalipita mlangoni yakaenda walipo watu, hata kwenye bahari iliyokufa.

Leo nasi, Misa ikiisha, tutapita mlangoni. Tumebatizwa kwa maji, tumenyunyiziwa maji, tumechovya vidole kwenye maji ya baraka. Tukitoka hapo tukaenda kuyachafua maji anayokunywa jirani, tutakuwa tumeacha imani yetu kizingitini. Tukitoka tukiwa tumeamua kwamba uchafu wa nyumba yetu hautamfikia mtu wa chini yetu, basi chumvi ya Elisha imekwisha kutupwa kwenye chemchemi, na wale vijana wa Jumamosi watakuwa na kazi nyepesi zaidi mwezi ujao.

Nawatakia Dominika njema.