Mikro ya Kunasia Sauti za Waimbaji

Korali ikitaka kunasa nyimbo zake vizuri, mara inasikia habari za mikro ya kondensateri, ile ya studio. Bei yake ni kubwa. Neumann U 87, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1967, inapita dola 3000, na feza hizo ni sadaka za waamini. Basi yatupasa kuchagua kwa akili.

Tena kazi yenyewe haina mchezo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita kaskazini ya Kongo, akanasa nyimbo za Wambuti, Wabudu, Wanande na Wabira, nazo zinasikika hata leo. Lakini tangu vita ya mwaka 1999 watu wengi wa Djugu walifukuzwa vijijini mwao. Mzee anayejua wimbo wa zamani anaweza kuwa leo mkimbizi hapa Bunia, na pengine ataimba mbele ya mikro mara moja tu.

Tuangalie kwanza chombo chenyewe. Ndani yake mna utando mwembamba sana uliopakwa zahabu, na nyuma yake bamba la chuma lenye matundu. Vyote viwili vina umeme. Sauti inatikisa utando, nafasi katikati yao inapunguka na kuongezeka, na umeme unabadilika vile vile. Fundi Wente aliitengeneza kwanza huko Marekani mwaka 1916. Kwa sababu utando ni mwepesi, unasikia hata pumzi ya mwimbaji. Mikro dinamiki, ile ya kushika mkononi kanisani, haisikii hivyo. Lakini haiombi umeme wa volti 48 kutoka mashini ya kunasia, nayo ikianguka haifi upesi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mikro nyingi za samani zinainua kidogo sauti nyembamba za juu, zinazopita herzi 5000, kusudi maneno yasikike wazi. Neumann TLM 103 inafanya hivyo. Kwa Kilingala ao Kiswahili ni vizuri. Lakini Kilendu kina silabi nyingine zisizo na vokali hata moja: sauti ya s ao ya z inashika mahali pa vokali. Korali ikiimba Kilendu mbele ya mikro ya namna ile, s zote zinachoma masikio, na fundi akizipunguza baadaye anakata neno lenyewe. Kwa hiyo sisi tungechagua AKG C 414 XLS, isiyoinua sana sauti za juu, na kuiacha ndugu yake XLII, iliyofanywa kusudi iziinue. Bei yake iko chini ya ile ya U 87. Tena inaweza kusikia upande mmoja tu, ao pande mbili, ao pande zote, nayo inafaa kwa mwimbaji mmoja na kwa kikundi pia.

Anayeweza kujaribu kabla ya kulipa, ajaribu na mwimbaji wake mwenyewe, katika lugha yake, wala asitosheke na kusema «moja, mbili, tatu».

Halafu kuna nyumba. Katika Saio pikipiki hazinyamazi, mvua inapiga mabati, na umeme ukikatika jirani anawasha mashini yake. Mikro ya dola 3000 itanasa hayo yote kwa uaminifu mkubwa! Chumba kidogo chenye magodoro na mablanketi ukutani kinazuia mwangwi; kelele ya nje hakiizuii. Basi afazali kunasa usiku sana, siku isiyo na mvua. Kama chumba hakipatikani kabisa, tununue mikro dinamiki nzuri kama Shure SM7B, feza inayobaki ifanye kazi nyingine. Mwimbaji asimame mbali na mikro kadiri ya shubiri moja, na kitambaa chembamba kiwekwe katikati kizuie upepo wa p na b.

Mikro za uongo zenye jina la Neumann zinauzwa pia. Anayeagiza Kampala aombe namba ya chombo na karatasi za duka. Ikifika, ilindwe na unyevu, maana majimaji katika utando yanaleta mikwaruzo. Baada ya kazi ipanguswe nje, irudishwe katika sanduku lake pamoja na vifuko vya silika, na vifuko hivyo vibadilishwe wakati wa mvua.